Mhandisi wa Kuthibitisha Nyambizi Ndogo na Mifumo ya Kuzamia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikirudi Tanga likizo, au nikipata ujumbe wa mwanafunzi wa uhandisi kutoka Dar, Mombasa au Muscat, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo anza popote. Penye jambo nililokwisha kulieleza nimetaja namba ya swali ili nisirudie.

## Mambo ya msingi

1. Kazi yenyewe ni ipi hasa?

Ni kuthibitisha kwamba chombo kinachombeba mtu chini ya maji, au kinachomfungia ndani ya presha, kimebuniwa, kimejengwa na kinatunzwa kwa namna ambayo hakitamuua. Chombo hicho kinaweza kuwa nyambizi ndogo ya utafiti, nyambizi ya kutembeza watalii, kengele ya kuzamia, yaani chumba kidogo cha kuwashushia wazamiaji, au chemba ambamo wazamiaji wanaishi wiki nzima juu ya meli.

Anayeingia humo hana njia ya kujikagulia. Mzamiaji aliyelala ndani ya chemba hawezi kupima unene wa chuma kilichomzunguka. Mtalii aliyeketi dirishani hajui kama dirisha lile limepitisha umri wake. Wote wamemwachia mtu mwingine awaangalizie, na mtu huyo ni wewe.

Kila siku unauliza swali moja kwa sura nyingi: ushahidi uko wapi? Fundi anasema chuma ni cha daraja fulani. Cheti cha kiwanda kiko wapi, na namba iliyogongwa kwenye bamba inalingana nacho? Mchomeleaji anasema kiungo ni kizima. Picha ya eksirei iko wapi? Wanaodhani kazi hii ni kuzunguka na tochi ukitafuta kutu hushangaa wakiona muda mwingi unavyokwenda kwenye kulinganisha namba.

2. Cheti hutolewa na nani?

Mara nyingi na mashirika ya uainishaji wa meli. Ni taasisi kongwe: Lloyd's Register ilianza 1760, Bureau Veritas 1828, American Bureau of Shipping, maarufu kama ABS, 1862, na Det Norske Veritas, ambayo leo ni DNV, 1864. Zilianza kwa kupanga meli za mbao katika madaraja ili wenye bima wajue wanakatia bima kitu gani. Nyambizi na chemba zilikuja baadaye. ABS ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa nyambizi zinazobeba watu mwaka 1968.

Mashirika haya huandika kanuni zao, na pia hutegemea viwango vya wengine. Kinachotajwa zaidi ni ASME PVHO-1 cha Marekani, kiwango cha vyombo vya presha vinavyokaliwa na watu, kilichotoka mara ya kwanza 1977. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lina kanuni za mifumo ya kuzamia, na toleo jipya lilipitishwa 2023. Chama cha wakandarasi wa baharini, IMCA, kina miongozo ya ukaguzi ambayo kampuni nyingi za mafuta huiweka kama sharti la mkataba. Jeshi la maji la nchi kwa kawaida lina utaratibu wake wa ndani.

3. Ugumu uko wapi, kama meli kubwa za chuma zinajengwa kila siku?

Uko kwenye presha. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban bar 1, yaani karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka juu ya nchi kavu. Chukua dirisha la duara lenye kipenyo cha sentimita 30, ulishushe mita 300. Maji yanalisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 21, sawa na kuliwekea lori zito lililosheheni. Nyuma ya dirisha hilo kuna uso wa mtu.

Halafu presha ya nje ina tabia tofauti na ya ndani. Tangi la gesi likizidiwa na presha ya ndani hutanuka kwanza, na mara nyingine huvuja na kukuonya. Ganda linalosukumwa kutoka nje hujikunyata kwa ghafla. Ulishaona dumu la plastiki lililotiwa maji ya moto, likafungwa, likaachwa lipoe: linakaa vizuri, linakaa, kisha ubavu mmoja unaingia ndani mara moja. Ndiyo maana tunapima umbo kwa makini kuliko hata unene. Silinda iliyotoka kwenye uduara kwa milimita chache inaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na jicho halioni chochote.

## Chombo kinavyofika kwenye cheti

4. Hatua ni zipi, kutoka karatasi hadi baharini?

Kwanza michoro na hesabu. Mbunifu analeta, mhandisi wa shirika anapiga hesabu zake upya bila kunakili za mbunifu, na maswali yanarudi kwa maandishi. Kwa chombo kipya kabisa hatua hii peke yake inaweza kuchukua miezi mingi, na wanafunzi wengi hawajui kuwa nafasi kubwa ya ajira iko hapa, mezani.

Kisha vifaa. Kila bamba, kila boliti inayobeba uzito, kila mtungi lazima uwe na historia inayofuatika hadi kiwandani. Halafu ujenzi, ambapo mkaguzi anakwenda karakanani kushuhudia uchomeleaji, vipimo vya umbo na majaribio ya presha. Ganda hujaribiwa kwa presha iliyozidi ile ya kina chake cha kazi. Nyambizi ya Limiting Factor, iliyofika Challenger Deep, kilindi cha Bahari ya Pasifiki, mwaka 2019, ilijaribiwa ganda lake la titani kwenye tangi la presha huko Urusi hadi mara 1.2 ya kina kirefu kuliko vyote duniani.

Mwisho ni bahari yenyewe. Chombo kinashushwa hatua kwa hatua hadi kina kamili, huku kila mfumo ukijaribiwa: kuachia uzito wa dharura, mawasiliano, betri, hewa. Cheti kikishatoka, kuna ukaguzi wa kila mwaka na ule wa kina zaidi baada ya miaka kadhaa. Cheti kina maana gani katikati ya kaguzi hizo? Tazama swali la 15.

5. Kwa nini wakaguzi wanahangaika sana na madirisha?

Kwa sababu dirisha ndilo sehemu ya ganda yenye umri uliohesabiwa. Halitengenezwi kwa kioo cha kawaida bali kwa akriliki, plastiki nene iliyo angavu kama maji. Akriliki huchoka. Chini ya PVHO-1, umri wa kawaida wa dirisha ni miaka 10 au mizunguko 10,000 ya presha, na muda ukifika linatolewa hata kama linang'aa kama jipya. Kila dirisha lina namba yake pembeni na karatasi zake. Dirisha lisilo na karatasi ni kipande cha plastiki tu, liwe zuri namna gani.

Adui mwingine ni kitambaa cha kufutia. Thina, asetoni na hata spiriti huingia kwenye akriliki na kuacha mipasuko midogo kama nywele ambayo huenda isionekane mpaka uilaze taa kwa pembeni. Niliwahi kufika kwenye chombo kimoja nikakuta dirisha limepasuka namna hiyo duara nzima. Kijana wa usafi alikuwa amelifuta kwa thina akitaka ling'ae kwa ajili yangu. Hakuna aliyemwambia. Tangu siku ile, kabla sijagusa chombo chochote, nauliza mnasafisha madirisha kwa kitu gani, na namuuliza yule anayeshika kitambaa.

6. Hewa ya kupumua inathibitishwaje?

Kwenye hesabu, mtu mmoja hupangiwa takriban lita 28 za oksijeni kwa saa. Zidisha kwa idadi ya watu, kwa saa za safari, kisha ongeza akiba ya dharura. Kwa nyambizi nyingi zinazobeba watu akiba hiyo ni saa 72. Hesabu hii ni rahisi. Kinachoua mara nyingi ni hewa chafu, yaani kabonidayoksaidi tunayoitoa, ambayo lazima inyonywe na kemikali kama chokaa ya soda.

Mwaka 1973 ulitufundisha haya mara mbili. Tarehe 17 Juni nyambizi ya Johnson Sea Link ilinasa kwenye mabaki ya meli karibu na Key West, Florida. Ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa tufe la akriliki, cha nyuma cha alumini. Alumini hupitisha baridi upesi. Chumba cha nyuma kilipoa, na kemikali ya kunyonya hewa chafu ikapoteza nguvu kwenye baridi hiyo. Waliokuwa nyuma, Edwin Clayton Link na Albert Stover, walifariki. Waliokuwa mbele walitoka hai. Kemikali ile karakanani kwenye joto ingefaulu jaribio lolote. Kwa hiyo mkaguzi anayesaini mfumo wa hewa anauliza: umejaribiwa kwa joto la wapi?

Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Agosti, Pisces III ilizama kusini magharibi mwa Ireland. Kamba ya kuvutia ilikuwa imeng'oa kifuniko cha tufe la nyuma, maji yakaingia, na chombo kikaenda hadi mita 480 na watu wawili ndani, Roger Chapman na Roger Mallinson. Walikaa chini saa 76. Walilala kimya, walizungumza kidogo ili wasitumie hewa, na waliopolewa tarehe 1 Septemba oksijeni ikiwa imebaki ya dakika chache. Saa 72 za akiba huonekana nyingi mpaka uwasikie watu waliozihitaji zote.

7. Nimesikia oksijeni ni hatari kuliko presha. Kweli?

Ni hatari ya aina nyingine. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini humfanya kila jirani yake awake: grisi, vumbi la chuma, uzi wa nguo. Ndiyo maana katika mifumo ya kuzamia mchanganyiko wowote wenye oksijeni inayozidi asilimia 25 hushughulikiwa kama oksijeni tupu. Mabomba yake husafishwa kwa utaratibu maalumu, na mkono wenye mafuta hauruhusiwi karibu.

Jambo ambalo wahandisi wapya hulikosa ni valvu. Valvu ya kufungua kwa robo mzunguko ni nzuri kwa maji. Kwenye oksijeni ya presha kubwa hufunguka haraka mno, gesi inabanwa ghafla mwisho wa bomba, joto linapanda, na mpira wa ndani unashika moto. Hapo hutumika valvu ya sindano inayofunguka polepole. Ukiona mpini wa robo mzunguko kwenye laini ya oksijeni ya presha kubwa, umepata kasoro kabla hujafungua begi.

## Mifumo ya wazamiaji

8. Kwa nini wazamiaji wanaishi ndani ya chemba juu ya meli?

Kwa sababu kurudi juu kunachukua muda mrefu kuliko kazi. Mwili uliokaa kwenye presha umejaa gesi iliyoyeyuka. Ukimtoa mtu haraka, gesi inachemka mwilini kama soda iliyofunguliwa. Kanuni ya makadirio ni takriban siku moja ya kushusha presha kwa kila mita 30, na siku moja ya ziada. Aliyefanya kazi mita 150 atahitaji karibu siku sita. Haiwezekani kurudia hivyo kila jioni, kwa hiyo wanaachwa kwenye presha ya kina cha kazi kwa wiki kadhaa, hadi siku 28. Wanakula, wanalala na kuoga ndani ya chemba, wanapumua heliamu na oksijeni, na kila zamu wanashuka kwa kengele iliyounganishwa na chemba kwa shingo ya chuma.

Shingo hiyo ndiyo mahali ambapo mkaguzi anatakiwa kusimama muda mrefu. Tarehe 5 Novemba 1983, kwenye mtambo wa Byford Dolphin katika eneo la Frigg, sehemu ya Norway ya Bahari ya Kaskazini, klampu iliyoshika kengele na chemba ilifunguliwa kabla mlango wa ndani haujafungwa. Presha ikashuka kutoka angahewa 9 hadi 1 kwa kufumba na kufumbua. Wazamiaji wanne na msaidizi mmoja walikufa papo hapo. Hapakuwa na kifaa cha kuizuia klampu isifunguke wakati presha ingali ndani. Leo kufuli hilo ni la lazima.

Ninapokagua sikubali kuambiwa kwamba kufuli linafanya kazi. Naomba shingo itiwe presha kidogo sana, watu wasogee, kisha klampu ijaribiwe kufunguliwa mbele yangu. Ikikubali kufunguka, ukaguzi wa siku hiyo umeishia hapo.

9. Je, meli ikishika moto wakati wazamiaji wako kwenye presha?

Hili swali huulizwa na akina mama kuliko wahandisi, na ni swali zuri kuliko mengi ya chuoni. Wazamiaji hawawezi kukimbilia maboya. Nje ya chemba watakufa (swali la 8). Kwa hiyo meli inabeba boti ya kuokolea ambayo ndani yake ni chemba. Wazamiaji wanatambaa kupitia shingo, boti inakatwa, inashushwa baharini ikiwa na presha, ikiwa na uwezo wa kuwatunza walau saa 72.

Boti peke yake haitoshi. Ikifika bandarini lazima kuwe na chemba ya kuipokea, yenye viunganishi vya kipimo kile kile. Kwa hiyo tunapima flanji, yaani midomo ya kuunganishia, tunalinganisha nyuzi za skrubu za mipira ya gesi, yaani mabomba laini, tunauliza ni bandari gani, umbali wa saa ngapi, na nani ana ufunguo. Nimeona mpango mzuri sana kwenye karatasi ambao adapta yake moja ilikuwa haijatengenezwa bado.

10. Roboti za chini ya maji zisizobeba mtu nazo zinahitaji cheti?

Kwa sheria, mara chache kwa ukali huo huo. Lakini winchi inayoishusha, fremu na umeme wake vinakaguliwa, kwa sababu vinafanya kazi juu ya vichwa vya watu, na mara nyingine karibu na wazamiaji.

## Kuingia kwenye kazi

11. Nisome nini?

Uhandisi wa mitambo, wa bahari au wa ujenzi wa meli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mitambo, JKUAT cha Kenya kina uhandisi wa bahari, na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, yaani DMI, kinakupeleka karibu na meli zenyewe. Ukimaliza, jisajili kwenye bodi ya wahandisi: ERB Tanzania au EBK Kenya. Usajili huo unafungua milango nje kuliko wengi wanavyodhani.

Masomo ya kushika kwa mikono miwili ni nguvu za vifaa, uchovu wa metali na uchomeleaji. Nyongeza inayolipa haraka ni cheti cha upimaji usioharibu, hasa kwa mawimbi ya sauti, chini ya ISO 9712. Vijana hukimbilia programu za kompyuta za kuchambua mikazo. Zijue, ndiyo. Lakini programu inakubali namba yoyote unayoipa, na kazi yako ni kujua kama namba ile imepimwa au imebuniwa.

Kisha fanya kazi karakanani, miaka miwili, mitatu. Mtu ambaye hajawahi kuchomelea kiungo kibaya hatakitambua kilichopakwa rangi.

12. Lazima niwe mzamiaji?

Hapana. Mashirika mengi hayatakuomba. Ila kozi ya awali ya kuzamia inakupa kitu ambacho vitabu havitoi: unajua mkono wenye glavu, kwenye giza, unavyoitafuta valvu. Baada ya hapo utasoma mpangilio wa paneli kwa macho mengine. Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Jonathan Struwe, mtaalamu wa DNV GL, jina la DNV wakati huo, aliyeisimamia Limiting Factor, alishuka nayo mwenyewe hadi Challenger Deep mwaka 2019.

13. Mimi ni msichana. Nitakubaliwa?

Ndiyo, na utakutana na wenzako. Ugumu wa kweli ni safari nyingi, meli zisizo na faragha ya kutosha, na kutambaa ndani ya chemba zenye mlango wa sentimita 60. Atakayekuambia kwamba ni suala la nguvu za mwili hajui kazi. Uliza mapema kuhusu vyumba vya kulala na vipimo vya ovaroli, na usione aibu kuandika madai hayo kwenye barua ya safari.

14. Kazi ziko wapi, na kwetu je?

Vituo vikubwa ni Aberdeen, Houston, miji ya pwani ya Norway, Singapore na Ghuba. Abu Dhabi na Dubai zina wazamiaji wengi wa mafuta, na Mswahili mwenye Kiarabu kidogo na Kiingereza kizuri hapotei huko. Nyambizi ndogo hujengwa Florida kwa Triton, Breda nchini Uholanzi kwa U-Boat Worx, na Vancouver kuna mafundi wa miaka mingi.

Kwetu kazi ipo, ingawa haijakusanyika mahali pamoja. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikipita kwenye bomba la chini ya bahari hadi Somanga tangu 2004. Boya la kupakulia mafuta Mjimwema, Kigamboni, lina mipira ya chini ya maji inayohitaji wazamiaji. Bandari za Mombasa, Tanga na Mtwara zina gati za kukaguliwa. Kila mzamiaji anayeshuka hapo anashuka na kifaa ambacho mtu fulani alipaswa kukikagua.

Bahari yetu ya Hindi si ngeni kwa nyambizi ndogo pia. Mwaka 1987 Hans Fricke alishuka na nyambizi ya Geo kando ya Ngazija, kisiwa cha Komoro, akampiga picha gombessa, samaki wa kale, akiwa hai kwenye makazi yake kwa mara ya kwanza. Geo ilikuwa na mwisho wa mita 200, na gombessa wengi walikaa karibu na mwisho huo, kwa hiyo ikajengwa JAGO ya mita 400. Na Aprili 2019 Rais Danny Faure wa Shelisheli alitoa hotuba ya kulinda bahari akiwa ndani ya nyambizi, zaidi ya mita 120 chini ya uso wa maji. Rais wa nchi aliketi nyuma ya akriliki, akiamini karatasi za watu asiowajua.

## Maswali magumu

15. Chombo kina cheti. Je, kiko salama leo?

Cheti kinasema kwamba siku ya ukaguzi chombo kilitimiza kanuni zilizotajwa, ndani ya mipaka iliyotajwa: kina hiki, watu hawa, bahari ya hali hii. Kikipata ajali, kikichomelewa upya au kikibadilishwa kifaa bila taarifa, cheti hakina nguvu tena.

Jeshi la maji la Marekani lilijifunza kwa gharama kubwa. Nyambizi ya Thresher ilizama tarehe 10 Aprili 1963 na watu 129. Ilikuwa imetoka matengenezo. Viungo 145 vya mabomba vilikuwa vimepimwa kwa mawimbi ya sauti, na asilimia 14 vikaonekana chini ya kiwango. Upimaji ukaachwa, viungo vingine vingi vikabaki bila kupimwa, na nyambizi ikarudi baharini. Desemba mwaka huo ulianzishwa mpango wa SUBSAFE: kila kiungo kinachozuia maji kiwe na ushahidi wa maandishi, la sivyo nyambizi hairuhusiwi kushuka. Tangu hapo Marekani imepoteza nyambizi moja, Scorpion, mwaka 1968, na hiyo ilikuwa haijathibitishwa chini ya SUBSAFE.

Mimi nikiona asilimia 14 mahali popote kwenye ripoti, hata ya kitu kingine kabisa, moyo hushtuka.

16. Titan ingepata cheti?

Titan, nyambizi ndogo ya kampuni ya OceanGate, haikupata, na haikupitishwa kwenye uainishaji wa shirika lolote. Tarehe 18 Juni 2023 ilijikunyata ikielekea kwenye mabaki ya Titanic, mita 3,800 hivi, na watu watano wakafariki. Ganda lake lilikuwa silinda ya nyuzi za kaboni iliyogundishwa kwenye vichwa vya titani. Wataalamu wa fani hii walikuwa wameandika barua ya kuonya tangu Machi 2018. Ripoti ya walinzi wa pwani wa Marekani ya Agosti 2025 ilisema vifo vile vingeweza kuzuiwa, na ikataja ubunifu, uthibitishaji, matengenezo na ukaguzi usiotosheleza.

Watu huniambia kanuni zinazuia ubunifu. Limiting Factor pia ilikuwa kitu ambacho hakijawahi kuwepo, chombo cha kurudiarudia kilindi cha mita karibu 11,000, na ilipata cheti. Mlango wa kitu kipya uko wazi: unajenga vipande vya majaribio, unavivunja, unajua vinavunjikia wapi na kama vinavunjika mahali pale pale kila mara. Nyuzi za kaboni chini ya presha ya nje huharibika ndani, tabaka kwa tabaka, na vipande viwili vilivyotoka karakana moja vinaweza kutofautiana. Ukishindwa kuonyesha kwamba kipande cha kumi kitafanya kama cha kwanza, huna ushahidi. Bahati ya safari zilizopita haihesabiki, kwa sababu kila safari inaweza kuwa imekula sehemu ya ganda.

17. Wavuvi wa majongoo bahari kwetu wanatumia kompresa za karakana. Unaweza kuzipa cheti?

Hapana, na naomba sana uwaambie ndugu zako. Kompresa ya kujazia matairi hulainishwa kwa mafuta yasiyofaa kupumuliwa, na mara nyingi inavuta hewa karibu na moshi wa injini yake yenyewe. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinaruhusu kaboni monoksaidi sehemu 5 tu kwa milioni na mafuta miligramu 0.5 kwa mita ya ujazo. Chini ya maji sumu inazidishwa: mita 30 mzamiaji anapumua kwa presha mara nne, kwa hiyo moshi kidogo uliovumilika juu unakuwa mara nne.

Kama hela ya kompresa sahihi haipo leo, yapo mambo mawili ya kufanya asubuhi ya kesho. Inua mdomo wa kuvutia hewa kwa bomba refu, upande unaotoka upepo, mbali na ekzosi. Na usishuke tena siku hiyo ukisikia maumivu ya viungo au ganzi. Nenda hospitali, waambie umezamia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanya kompresa ile iwe salama.

18. Mwenye chombo akinisukuma nisaini?

Atakusukuma. Meli ya wazamiaji hugharimu fedha nyingi kwa siku, na wewe ndiye uliyesimama mlangoni. Mara nyingi si mtu mbaya. Amechoka na ana mkataba.

Andika kasoro kwa namba: kifaa gani, kifungu gani cha kanuni, ulipima nini, ulitarajia nini. Usiandike "hali mbaya". Andika "mpira wa gesi namba fulani, jaribio la presha limepita muda". Mpe nakala pale pale. Lipia chakula chako mwenyewe. Ukiona kuna kanuni unayoweza kumsaidia nayo, kama kupunguza kina cha kazi hadi kifaa kibadilishwe, mwonyeshe. Hilo ni sehemu ya uhandisi. Kisha ondoka kwenye chumba, kwa sababu maneno mengi hulegeza mkono.

Mara ya kwanza nilipokataa kusaini nilikuwa kijana, na meli ilisubiri mpira mmoja wa gesi kwa siku mbili. Hakuna aliyenisemesha mezani. Jioni ya siku ya pili mmoja wa wazamiaji waliokuwa wanangoja kuingia kwenye chemba alinifuata gatini, akaniuliza, "Ni mpira upi?" Nikampeleka, nikamwonyesha ulipopinda chini ya klampu, penye uvimbe. Akaugusa kwa kidole gumba, akaubonyeza mara mbili. Kisha akaniuliza kama naweza kuja kumwonyesha na ile mingine.